Programu inapogoma: Mzozo wa kompaila na prosesa katika tarakilishi za mitumba Mombasa

MELI zinazotia nanga Kilindini, upande wa magharibi wa Kisiwa cha Mombasa, huleta shehena za kila aina, zikiwemo tarakilishi zilizokwisha kutumika ng'ambo. Kutoka bandarini mashine hizo husambaa madukani, shuleni, katika vyumba vya kupiga chapa na katika ofisi ndogo ndogo, hadi kwenye vichochoro vya Mji wa Kale.

Tarakilishi mbili zilizonunuliwa siku moja, katika duka moja, huenda zikawa zimepishana umri kwa miaka kumi. Kwa nje hazitofautiani sana. Zote zinawaka, zote zinaandika barua na zote zinachapisha stakabadhi. Tofauti hujitokeza siku ambapo programu iliyo nzima katika mashine moja inakataa katakata kufunguka katika nyingine.

Hukumu inayotolewa mara nyingi ni kwamba mashine ni mbovu. Mwenyewe hushauriwa anunue nyingine, na ile ya awali hutupwa ama huuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Kwa shule iliyochangisha fedha za wazazi ili ipate maabara ya tarakilishi, hukumu ya namna hiyo ni hasara kubwa.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mashine haina kasoro yoyote. Tatizo liko katika namna programu ilivyoundwa, yaani kompaila iliyotumika, toleo lake, na aina ya prosesa ambayo muundaji aliikusudia. Makala haya yanaeleza chanzo cha mzozo huo, jinsi ya kuutambua na njia za kuuepuka.

Kazi ya kompaila

Mtaalamu wa programu huandika maagizo yake kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, kama vile C, C++ au Fortran. Maandishi hayo huitwa msimbo asilia. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, haielewi lugha hizo. Inaelewa amri zake yenyewe tu, zilizoandikwa kwa tarakimu.

Kompaila ni programu inayotafsiri msimbo asilia kuwa amri za prosesa. Mojawapo ya kompaila zinazotumika sana duniani ni GCC, iliyoanzishwa na Richard Stallman wa Marekani na ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1987. Ni programu huria, na kila mtu ana ruhusa ya kuitumia bila malipo.

Mtumiaji wa kawaida hupokea programu ikiwa imekwisha kutafsiriwa. Hata hivyo, wanafunzi wa vyuo, watafiti na mafundi wengi hupakua msimbo asilia na kuutafsiri wenyewe. Jambo hili lilirahisika sana katika pwani ya Kenya baada ya kebo za baharini za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti ya Kenya na ulimwengu yalitegemea setilaiti, na kupakua faili kubwa kulikuwa kazi ya kuchosha na ya gharama.

Prosesa zina umri na msamiati

Prosesa za Intel na AMD zinazotumika katika tarakilishi nyingi ni za ukoo mmoja, na kila kizazi huelewa amri za kizazi kilichotangulia. Lakini kila baada ya miaka michache watengenezaji huongeza amri mpya, na amri hizo hazieleweki kamwe na prosesa za zamani.

Amri za SSE zilikuja na Pentium III mwaka 1999, kisha SSE2 zikaja na Pentium 4 mwaka 2000. Mnamo 2003 AMD ilileta prosesa za biti 64, ambazo zote zina SSE2. Prosesa za kwanza za Core i7, zilizotolewa na Intel mwaka 2008, zilikuja na SSE4.2. Mwaka 2011 zikaongezwa amri za AVX, na mwaka 2013 zikafuata AVX2 pamoja na FMA katika kizazi kinachojulikana kama Haswell.

Faida ya amri hizi ni kasi. Prosesa isiyo na AVX hukokotoa namba chache kwa wakati mmoja, ilhali yenye AVX hushika namba nane za biti 32 na kuzijumlisha kwa amri moja. Kwa kazi za picha, sauti, video na hesabu za kisayansi, tofauti hiyo huonekana waziwazi.

Hapa ndipo muundaji wa programu hupata kishawishi. Akiiambia kompaila itumie amri mpya, programu yake itakwenda mbio. Asipoiambia, programu itafanya kazi katika mashine nyingi zaidi lakini kwa mwendo wa wastani.

Meli kubwa na jahazi

Jina Kilindini limetokana na neno kilindi, yaani mahali penye maji ya kina kirefu. Upande wa pili wa kisiwa, ukingoni mwa Mji wa Kale, ipo Bandari ya Kale iliyozoea majahazi. Jahazi linaweza kuingia bandari zote mbili. Meli kubwa ya makontena haina budi kwenda Kilindini, kwani Bandari ya Kale haina kina cha kuibeba.

Programu nazo ziko hivyo. Iliyotafsiriwa kwa amri za msingi pekee ni kama jahazi, hupokewa na prosesa ya zamani na ya sasa. Iliyotafsiriwa kwa amri za AVX2 ni kama ile meli kubwa. Ikifikishwa kwenye prosesa ya mwaka 2009, itakwama papo hapo.

Katika mfumo wa Linux kukwama huko huambatana na maneno mawili ya Kiingereza, "Illegal instruction". Maana yake si kwamba mtumiaji amevunja sheria, wala kwamba programu ina virusi. Prosesa inasema tu kwamba imepewa amri isiyoijua. Katika Windows, programu huweza kujifunga ghafla na kuonyesha namba ya hitilafu 0xc000001d, ambayo ina maana hiyo hiyo.

Katika GCC, chaguo linalosababisha hali hii mara nyingi ni -march=native, lililoanza na toleo la 4.2 mwaka 2007. Chaguo hilo huiagiza kompaila ichunguze prosesa iliyopo na kutumia kila amri inayoipata humo. Ni zuri kwa mtu anayetafsiri programu ili aitumie katika mashine ile ile. Linakuwa balaa pale anapoinakili programu hiyo kwenye kifimbo cha USB na kumpelekea mwenzake.

Toleo la kompaila linapoleta utata

Kufikia hapa msomaji anaweza kudhani kwamba dawa ni kujua prosesa pekee. La hasha. Kompaila nayo ina umri wake, na haiwezi kutumia amri ambazo zilibuniwa baada yake.

Chukua mfano wa prosesa ya kizazi cha Haswell. Katika GCC 4.8, iliyotolewa mwaka 2013, prosesa hiyo iliitwa core-avx2. Toleo la 4.9 la mwaka 2014 ndilo lililoanza kutumia jina haswell. Kwa hiyo mtu anayefuata mwongozo unaomwelekeza aandike -march=haswell, huku akitumia Ubuntu 14.04 au CentOS 7 zilizokuja na GCC 4.8, hukataliwa na kompaila ingawa prosesa yake ni ile ile inayotakiwa.

Mfano mwingine ni viwango vinavyoitwa x86-64-v2, v3 na v4, vilivyokubaliwa mwaka 2020 ili kurahisisha mambo. Badala ya kutaja jina la kila prosesa, muundaji hutaja kiwango. Cha pili hudai amri hadi SSE4.2, cha tatu huongeza AVX2 na FMA, na cha nne hudai sehemu ya AVX-512. Lakini GCC ilianza kuvitambua viwango hivyo katika toleo la 11 la mwaka 2021. Mwenye Ubuntu 20.04, iliyokuja na GCC 9, akiandika -march=x86-64-v3 ataambiwa kwamba neno hilo halijulikani.

Utata mwingine hutokea kimyakimya. Kompaila kuukuu ikiwekwa kwenye prosesa mpya, kisha ikapewa -march=native, hukadiria kulingana na yale inayoyafahamu. Programu itaundwa na itafanya kazi, lakini bila kunufaika na uwezo wote wa mashine. Mwenyewe hubaki akishangaa kwa nini fedha alizotoa hazionekani katika kasi.

Asembla na maktaba

GCC haikamilishi kazi peke yake. Huandika amri kwa maneno, kisha huzikabidhi kwa programu nyingine iitwayo asembla, ambayo huzigeuza kuwa tarakimu. Katika Linux, asembla huja katika furushi tofauti linaloitwa binutils.

Fundi akiweka GCC mpya juu ya mfumo wa zamani na kusahau binutils, kompaila itaandika amri za kisasa na asembla itazikataa kwa ujumbe "no such instruction". Wengi hudhani kwamba msimbo una makosa, na hupoteza saa nyingi wakiukagua mstari kwa mstari.

Suala la maktaba linafanana na hilo. Programu nyingi za C++ hutegemea maktaba inayotolewa pamoja na GCC. Iliyoundwa kwa GCC 11 inaweza kudai alama ya GLIBCXX_3.4.29, ambayo haimo katika maktaba ya Ubuntu 20.04. Ujumbe utakaoonekana ni kwamba alama hiyo haikupatikana. Tatizo hili halihusiani na prosesa hata kidogo, na kubadilisha mashine hakutalitatua.

Ni muhimu kutenganisha magonjwa haya matatu, kwani dawa zake ni tofauti. Kompaila ikikataa jina la prosesa, tatizo ni toleo la kompaila. Programu ikiundwa vizuri lakini ikafa kwa "Illegal instruction", tatizo ni prosesa. Ikilalamikia GLIBCXX, tatizo ni maktaba.

Mwaka wa kutengenezwa hautoshi

Wanunuzi wengi wa mitumba huuliza swali moja tu, nalo ni mwaka wa mashine. Swali hilo ni zuri, lakini jibu lake laweza kupotosha.

Intel ilipoanza kutumia AVX mwaka 2011, iliziacha amri hizo nje ya prosesa zake za bei nafuu zenye majina ya Pentium na Celeron. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, tarakilishi yenye Celeron ya mwaka 2017 inaweza kukosa AVX, ilhali yenye Core i5 ya mwaka 2012 inayo.

Mnunuzi wa Mombasa anayechagua mashine kwa kuangalia mwaka pekee anaweza kuiacha ile ingemfaa na kubeba ile isiyomfaa. Njia ya hakika ni kuangalia orodha ya amri zenyewe. Katika Linux, amri ya lscpu huonyesha mstari wenye vifupisho kama sse4_2, avx na avx2. Kifupisho kisipokuwepo, amri hizo hazimo.

Hesabu zisizolingana

Kuna hatari nyingine ambayo haionyeshi ujumbe wowote. Amri za FMA huzidisha na kujumlisha kwa hatua moja, na hukadiria desimali mara moja badala ya mara mbili. Kwa hivyo tarakimu za mwisho za jibu zinaweza kutofautiana na zile za prosesa isiyo na FMA, ingawa msimbo asilia ni mmoja.

Katika hesabu za duka tofauti hiyo haina maana. Katika utafiti ni jambo jingine. Programu za kukokotoa mikondo ya bahari, kama vile ROMS, hutolewa zikiwa msimbo wa Fortran na kutafsiriwa na mtumiaji mwenyewe. Hesabu zake hurudiwa mara maelfu, na tofauti ndogo huweza kukua kadiri hatua zinavyoongezeka.

Mombasa ni mji wa bahari, na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, ina makao yake makuu Mkomani, ng'ambo ya kisiwa. Mwanafunzi yeyote wa sayansi ya bahari anayelinganisha matokeo ya mashine mbili anapaswa kuandika toleo la kompaila na machaguo aliyotumia, sawa na anavyoandika tarehe na mahali alipopimia maji. Katika GCC, chaguo la -ffp-contract=off huizuia kompaila isiunganishe hatua hizo mbili.

Mashirika makubwa nayo yaliacha mashine za zamani

Mzozo huu haukuzaliwa Mombasa. Mwaka 2018 programu ya TensorFlow, inayotumika katika ujifunzaji wa mashine, ilianza kutolewa ikiwa na amri za AVX kuanzia toleo la 1.6. Watumiaji waliokuwa na prosesa za zamani waliona programu ikifa mara tu walipoiita, na wengine wakalazimika kurudi toleo la 1.5 au kuitafsiri upya.

Mwaka 2021 mfumo wa hifadhidata wa MongoDB, toleo la 5.0, ulianza kudai AVX katika prosesa za Intel na AMD. Red Hat Enterprise Linux toleo la 9, la mwaka 2022, liliinua kiwango cha chini hadi x86-64-v2, na toleo la 10 la mwaka 2025 likakipandisha hadi v3. Windows 11, katika sasisho la 24H2 la mwaka 2024, ilizifungia nje prosesa zisizo na SSE4.2.

Kila hatua kama hizo ina sababu zake za kiufundi. Hata hivyo, gharama yake huwafikia wale wanaotumia mashine walizoachiwa na wengine. Tarakilishi inayostaafishwa katika ofisi ya London huanza maisha ya pili katika darasa la Afrika Mashariki, na miaka yake ya huduma huku hutegemea uamuzi wa mtu aliyechagua neno moja la kompaila.

Ipo njia ya kati, nayo ni programu kuichunguza prosesa inapoanza na kuchagua yenyewe njia inayofaa. Programu ya Tesseract, inayosoma maandishi kutoka kwenye picha na ambayo imefunzwa pia Kiswahili, hufanya hivyo. Ikikuta AVX2 huitumia, na isipoikuta huenda polepole lakini hufika. Anayetaka kuhifadhi kidijitali vitabu na makabrasha ya Kiswahili yaliyopigwa chapa hahitaji kusubiri apate mashine mpya.

GCC yenyewe inamsaidia muundaji kufanya hivyo. Tangu toleo la 6 la mwaka 2016, neno target_clones huiagiza kompaila itengeneze nakala kadhaa za sehemu moja ya msimbo, kila moja kwa kiwango chake cha prosesa.

Hatua za kufuata

Kwanza, kabla ya kutafsiri programu, jua prosesa kongwe zaidi ambayo itatumika. Shule yenye mashine ishirini za miaka tofauti ifuate ile ya zamani kuliko zote. Kwa tarakilishi za biti 64, -march=x86-64 ni chaguo salama.

Pili, tumia -mtune badala ya -march unapotaka kasi bila kufunga mlango. -mtune hupanga amri kwa mtindo unaoipendeza prosesa fulani, lakini haitumii amri ambazo nyingine hazizijui.

Tatu, usigawe programu iliyoundwa kwa -march=native. Kama ni lazima kuwa na toleo la kasi, toa matoleo mawili na uyape majina yanayoeleweka.

Nne, angalia umri wa vifaa vyote kwa pamoja. Amri ya gcc --version huonyesha kompaila, na as --version huonyesha asembla. Kimoja kikiwa kipya na kingine kikiwa cha zamani sana, tarajia matatizo.

Tano, ukitaka programu ifunguke katika mifumo mingi ya Linux, itafsiri katika mfumo wa zamani zaidi unaokusudia kuuhudumia. Maktaba mpya kwa kawaida hupokea programu za zamani, lakini maktaba za zamani hazipokei programu mpya.

Sita, unaponunua tarakilishi ya mtumba, iwashe dukani na utazame orodha ya amri za prosesa kabla ya kulipa. Shughuli hiyo huchukua dakika moja.

Mwisho, fundi asiitangaze mashine kuwa mbovu kabla ya kusoma ujumbe ulioandikwa kwenye skrini. Iwapo unasema "Illegal instruction", kwanza atafute toleo la programu lililotafsiriwa kwa prosesa za zamani, au alitafsiri yeye mwenyewe. Mashine ambayo ingetupwa jaani inaweza kuendelea kuwafunza watoto kwa miaka kadhaa zaidi.